Kolekole wa Kapteni Mativo

Katika mtaa wetu wa Donholm, mtu akikwambia anakwenda kwa Kapteni, usidhani anakwenda bandarini. Anakwenda kwa Mzee Mativo, nyumba ya tatu kutoka geti, mlango wa kijani. Mzee Mativo amezaliwa Mwingi, mahali ambapo mto huwa na maji wiki chache kwa mwaka na siku zilizobaki watoto huchezea mpira humo. Amefanya kazi miaka thelathini na mmoja akihesabu mikebe ya rangi katika stoo ya kiwanda fulani pale Industrial Area. Baharini ameingia mara moja tu. Ilimtosha kupata cheo.

Mimi ni jirani yake, na nauza samaki nje ya geti: omena, ngege na mbuta wa kukaanga, tangu saa kumi jioni mpaka mafuta yaishe. Nimezaliwa Mbita, kando ya ziwa, na baba yangu alinifundisha kupaa samaki magamba kabla sijajua kusoma. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba nilipokuwa nikiisikiliza hadithi ya Kapteni, niliisikiliza kama fundi cherehani anavyomsikiliza mtu akieleza jinsi alivyojishonea suti.

Hadithi yenyewe ni hii. Miaka sita iliyopita wazee wa kanisa lao walikwenda semina Kilifi. Siku ya mapumziko wachache wakakodi boti, na huko nje, karibu na miamba, kolekole akaishika ndoano ya Mzee Mativo. Wakavutana dakika arobaini. Mshipi ukalia, viganja vikachubuka, karani wa kanisa akaanza kumwita marehemu mama yake. Mwishowe samaki akasalimu amri. Mwaka wa kwanza samaki huyo alikuwa na kilo nne. Mwaka wa pili alikuwa na saba. Korona ilipokuja na sote tukafungiwa nyumbani bila shughuli, samaki alinawiri sana, akatoka Korona akiwa na kilo kumi na tatu. Hapo alisimama, nadhani kwa sababu ya picha.

Picha iko ukutani sebuleni kwake, kwenye fremu ya dhahabu. Mzee Mativo amemkumbatia samaki, macho mekundu, kofia imekwenda upande. Ukiangalia vizuri, pembeni kabisa kuna mkono wa mtu mwingine, kuanzia kiwiko, umeshika mkia wa samaki. Mwenye mkono amekatwa, fremu haikumtosha.

Vijana wa bodaboda humngoja pale getini kila jioni.

"Kapteni, niaje? Ile samaki ilikuwa kilo ngapi vile?"

"Kumi na tatu. Na hapo sijahesabu mkia."

Mtu hununua samaki wangu, hukaa kwenye benchi langu, hula huku akisikiliza habari za samaki wa mwingine. Miaka sita. Nilikuwa nikicheka na wenzangu, na mara nyingine nilikuwa nikichoka. Lakini nitasema kweli yangu: sikuwahi kumchukia. Mtu amekaa stooni miaka thelathini na mmoja, na swali pekee aliloulizwa ni "iko wapi?" Siku alipostaafu walimpa blanketi na koti, na kwenye barua ya shukrani jina lake lilikosewa. Samaki yule ndiye aliyemfanya mtu wa kuulizwa maswali mengine. Ukimnyang'anya samaki, hapabaki Kapteni, panabaki blanketi.

Sasa Magan. Magan ni jirani wa upande wa pili wa ua, mfanyabiashara wa vitambaa vya jumla kule Eastleigh, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Kwao ni Wajir. Kila Krismasi, miaka kumi na tano sasa, Magan huvuka ua na kisu chake mwenyewe, akamchinja mbuzi wa Mativo kwa bismillahi, ili siku hiyo majirani wa dini zote wale kutoka sufuria moja. Hajakosa hata mwaka mmoja. Mwaka ule alioumwa mgongo aliletwa ameshikiliwa, akachinja, akarudishwa kitandani.

Jumatatu moja jioni Magan akaja kibandani kwangu, akamkuta Kapteni kwenye benchi.

"Mzee Mativo, nimekuja na shida," akasema. "Wakwe wanakuja Jumamosi kumposa binti yangu Hibo. Mzee Siyad, baba ya huyo kijana Zakariye, anatoka Kiunga, huko mbele ya Lamu. Hao ni watu ya bahari. Sisi kwetu, babu yangu akiona mtu anakula samaki alikuwa anamwonea huruma, anamtafutia mbuzi. Mke wangu Qamar hajui samaki inaanzia wapi."

"Inaanzia kichwa," Kapteni akasema.

"Wallahi, mimi nikiwapa mbuzi peke yake watasema hatukuwafikiria. Hibo ataingia hiyo nyumba na aibu. Nataka kolekole. Na nataka wewe ndiye upike, kwa sababu hapa mtaani ni wewe tu unajua."

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo, kisu mkononi, magamba hadi kwenye nyusi. Hakuna aliyenitazama. Nikasema, "Naweza kumpika mimi."

Kapteni akanigeukia kwa upole wa mwalimu. "Mama Samaki, hii ni ya bahari. Hiyo yako ni ya maji tamu."

Mama Samaki ndilo jina langu hapa. Liko hata kwenye daftari la chama cha akina mama, mstari wa saba. Nikarudi kwa ngege wangu.

Kapteni akainuka, akamshika Magan bega. "Umenichinjia mbuzi kumi na tano. Mimi nishindwe na samaki moja? Na siwezi kununua. Samaki ya kununua haina heshima. Nitaenda niivue mwenyewe." Sauti ilikuwa thabiti, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kulifikicha goti.

Kesho yake mke wa Kapteni, Mukai, alikuja kununua omena, akabaki amesimama baada ya kupewa. Mukai ndiye mtu pekee mtaani anayeniita kwa jina langu.

"Everline," akasema, "mimi nilikuwa kwa hiyo boti."

Nikamsogezea kigoda.

"Alitapika kutoka tuondoke mpaka turudi. Mwenye boti ndiye alishikisha samaki. Akamwekea mzee fimbo kwa mikono, akamshika na mshipi ya suruali asianguke ndani. Wakavuta. Yaani, yule akavuta, huyu akashika. Ilikuwa kilo nne. Mimi ndiye nilibeba mpaka kwa gari, najua."

"Na miaka hii yote hujasema?"

"Nikisema, ndio yeye atakuwa nani?"

Nilimwongezea omena konzi moja.

Jumatano Kapteni aliondoka na kofia, fimbo ya kuvulia aliyoazima mahali, na sanduku la plastiki la barafu. Jumamosi alfajiri akarudi. Alilifungulia sanduku pale getini, mbele ya mlinzi na vijana wa bodaboda na kila aliyekuwa akienda kununua maziwa, na lazima niseme, samaki alikuwa samaki. Kolekole wa kilo nane, mweupe kama sufuria mpya, paji la uso limesimama kama la mtu mwenye kesi mahakamani, mkia umechongoka. Na mdomoni, ndoano ikining'inia na kipande cha mshipi.

"Nimeiacha ndani," Kapteni akasema, "ndio mtu asiulize."

Watu wakapiga picha. Mimi nikasogea, nikainama. Macho maangavu, matamvua ya kupumulia mekundu; mwuzaji hakumdhulumu. Ubavuni magamba yalikuwa yamekwanguka kwa mistari iliyopishana, alama ya nyavu. Halafu nikaiangalia ndoano. Samaki humeza chambo, na ndoano humtoboa kutoka ndani kwenda nje. Hata mtoto wa ziwani anajua. Hii ilikuwa imeingia kutoka nje kwenda ndani, mpya, haina hata mkwaruzo, kama kipini alichovalishwa bibi harusi. Mtu wa bara pekee ndiye angeweza kuiweka hivyo, na watu wa bara ndio waliokuwa wakipiga picha.

Nilinyamaza. Si kwa wema. Yale maji tamu yalikuwa bado yamenikwama kooni.

Saa tatu asubuhi Mukai alikuja kunigongea. "Njoo uone," akasema, akatangulia.

Nyuma ya nyumba yao Kapteni alikuwa amemtundika kolekole kichwa chini kwenye nguzo ya kuanikia nguo, amemfunga mkia kwa kamba ya katani. Alikuwa amekata duara kuzunguka mkia na alikuwa akijaribu kuingiza ngumi kati ya ngozi na nyama. Kwao mbuzi huchunwa hivyo: unakata miguuni, ngumi inaingia, ngozi inavulika kama fulana. Ni kazi nzuri, nimewaona wakiifanya kila Krismasi. Lakini kolekole ana magamba magumu yaliyopangwa karibu na mkia, makali kama msumeno, na hayo yalikuwa yameifanyia kazi mikono ya Kapteni. Damu ya samaki na damu ya mzee zilikuwa zimechanganyika kwenye beseni. Pembeni maji yalikuwa yakichemka kwa ajili ya supu ya kichwa, na ameyatia majani ya kuondoa harufu ya beberu.

"Ngozi imekataa," Kapteni akasema.

"Kapteni, hivyo ni mbuzi."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka. "Mama Samaki, hawa watu wanafika saa saba. Magan hajawahi kuniangusha." Akatazama ukuta wa jirani, akashusha sauti. "Nipikie. Lakini isijulikane."

Ningeweza kuondoka. Nilikuwa na hasira ya kuniwezesha kufika mpaka Mbita kwa miguu. Kilichonizuia ni Hibo. Alipokuwa msichana wa shule alikuwa akijificha nyuma ya kibanda changu, ananunua kipande cha ngege kwa pesa ya daftari, anakula haraka haraka na kuosha mikono kwa ndimu ili mama yake asisikie harufu. Huyo ndiye aliyekuwa anaposwa. Sikutaka aingie kwa watu kwa mlango wa supu ya beberu.

"Nitampika," nikasema. "Na wewe utafanya nini?"

"Nitasema nimepika."

"Hiyo unaijua."

Nikamteremsha samaki nguzoni. Nikamkata yale magamba ya msumeno pande zote mbili, nikampaa, nikampasua, nikatoa matumbo na matamvua, nikakwangua damu iliyolala kwenye uti wa mgongo mpaka maji yakatoka meupe. Kichwa nikakitenga kizima. Mwili nikaukata vipande vya unene wa vidole vitatu. Kolekole ana nyama nyeusi iliyopita ubavuni kama mstari. Hiyo ndiyo inayobeba ukali, nikaitoa, paka wa mtaa mzima wakasherehekea posa kabla ya wenyewe. Nikapaka chumvi, ndimu, tangawizi na vitunguu saumu, nikamwacha nusu saa apumzike, maana alikuwa amepata misukosuko.

Vipande nikavikaanga mpaka ngozi ikashika rangi. Qamar alikuwa ametuma nazi mbili na ukwaju, kwa kuwa mwanamke mmoja wa viungo kule Eastleigh alimwambia samaki wa pwani bila tui asimpeleke mbele ya mgeni. Kwetu ziwani hatutii nazi kwenye samaki, lakini mkono unaojua samaki haupotei njia kwa sababu ya nazi. Vitunguu, nyanya, ukwaju, tui jepesi kwanza, tui zito mwisho. Nilikuwa nikitikisa sufuria badala ya kukoroga, samaki asivunjike. Kichwa nikakiweka juu ya makaa, nikawa nakipaka tui kidogo kidogo mpaka kikawa na rangi ya mkate.

Kapteni alikuwa akizunguka jikoni ameshavaa koti lake la kustaafu. "Ndoano ibaki," akasema.

"Ibaki kwenye kichwa cha mgeni?"

"Hiyo ndiyo ushahidi."

Nikaitazama ile ndoano. Mgeni alikuwa mtu wa Kiunga, mtu wa bahari. Kuivuta ingechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nikaiacha mahali pake. Hilo nalo ni langu, sitamsingizia mtu.

Nyumbani kwa Magan wanaume walikaa sebuleni, wanawake chumba cha ndani. Mimi na Mukai tulikuwa kwenye ujia, nyuma ya pazia, tukipokeza sahani. Mzee Siyad hakuwa kama nilivyomfikiria. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye vidole vilivyopinda na makovu membamba yaliyovuka viganja. Waliweka wali, nyama ya mbuzi, ndizi mbivu, na katikati sinia ya kolekole, kichwa kikimtazama mgeni, ndoano ikimeremeta.

"Huyu ni jirani yangu, Kapteni Mativo," Magan akasema, na nilisikia fahari katika sauti yake. "Samaki amevua kwa mkono wake, na amepika kwa mkono wake."

Mzee Siyad alikula kipande cha kwanza kimya, akala cha pili. "Aliyempika huyu," akasema, "anajua kumtoa damu."

Kapteni akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mukai akanikanyaga mguu nisiseme kitu.

Kisha mgeni akakivuta kichwa karibu. Kidole chake kikaigusa ndoano, kikaigeuza upande huu, kikaigeuza upande ule. Nilikuwa nimeingojea dakika ile tangu alfajiri, na ilipofika sikuitaka.

"Kavuliwa wapi samaki huyu?"

"Kilifi, mzee."

"Kwa mshipi?"

"Kwa mshipi. Dakika arobaini." Na Kapteni, kwa kuwa ulimi umezoea, akaianza hadithi. Akaisimulia yote: mshipi, viganja, hata karani wa kanisa na marehemu mama yake, ingawa karani safari hii hakuwa amekwenda Kilifi. Mzee Siyad hakumkatiza. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza wimbo wa zamani.

Hadithi ilipoisha akasema, "Mimi sikuwa mvuvi wa kuuza, Mzee Mativo. Niliendesha boti ya wageni, miaka ishirini na miwili. Mgeni ataka kuvua, na bahari haimjui. Basi mimi nilimnasa samaki, nikampa mgeni fimbo, nikamshika kiunoni asianguke. Halafu apigwa picha. Kolekole niliowavua mimi siwezi kuwahesabu. Wote wako kwenye kuta za watu."

Akaing'oa ndoano taratibu, akaiweka ukingoni mwa sahani, akanawa vidole. Hakusema lolote juu yake.

Nataka mlielewe jambo hili. Mlango ulikuwa wazi. Mzee yule alikuwa amemwachia. Kapteni angeweza kusema "pole na kazi, mzee," akamega wali, na mpaka leo Donholm ingekuwa na samaki wa kilo kumi na tatu. Magan alikuwa akitabasamu, hakuwa ameshuku kitu.

Kapteni akaitazama ndoano pale ukingoni mwa sahani. Kisha akasema, "Mzee, mimi ni mmoja wa hao."

Magan akageuka.

"Hii nimenunua kwa wavuvi, pale wanashukisha. Ndoano nimeweka mwenyewe nikingoja basi. Na ile ya kwanza, hiyo yenye iko kwa ukuta yangu, sikuvuta. Nilikuwa natapika. Kuna mtu alinishika kiuno. Ilikuwa kilo nne." Koti lilikuwa limemwia kubwa ghafla. "Magan, nisamehe. Nimekuaibisha mbele ya wageni."

Mzee Siyad akamwangalia kama aliyeitwa kutoka mbali. "Aliitwa nani?" akauliza.

"Nani, mzee?"

"Mwenye boti. Aliyekushika kiuno."

Kapteni akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta. Alikuwa anajua rangi ya boti, buluu yenye mstari mweupe. Alikuwa anajua walichokula asubuhi ile, jina la karani, jina la hoteli, upande ambao upepo ulitokea. Miaka sita alikuwa ameisimulia safari ile na kila kitu kilikuwemo.

"Sijui," akasema.

"Hukumwuliza."

"Sikumwuliza."

"Naam," mzee akasema bila hasira yoyote. "Hawaulizi." Akamega kipande kingine cha samaki. "Na huyu wa leo, kapikwa na nani?"

"Si mimi. Ni Mama Samaki, jirani yetu, anauza pale geti."

"Hiyo ni kazi yake. Jina lake?"

Kapteni akamtazama Magan. Magan akautazama wali. Walikuwemo majirani wengine wawili, watu waliokula mkononi kwangu miaka tisa na kunisimulia mpaka magonjwa yao, nao wakautazama wali. Mukai alijua, lakini alikuwa amejiziba mdomo kwa leso, analia au anacheka, sikuweza kujua.

Nikasogeza pazia. Sikupaza sauti.

"Everline," nikasema. "Everline Awino."

Mzee Siyad akanigeukia na mwili wote. "Everline Awino, Mungu aibariki mikono yako. Kichwa hiki ni chako." Akakiinua kwa mikono miwili, akamkabidhi Kapteni, na Kapteni akaniletea mpaka paziani. Alishindwa kunitazama usoni, nami pia sikumtazama.

Tulikila jikoni, mimi, Mukai na Qamar, ambaye aliuma mara ya kwanza macho amefumba na mara ya pili akayafumbua. Hibo aliingia na hina yake, akachomoa shavu la samaki kwa vidole viwili, akalila amesimama, kama zamani, isipokuwa safari hii mama yake alikuwa anamwona. Posa ilipokelewa kabla ya alasiri. Magan alimsindikiza Kapteni mpaka mlango wa kijani akiwa amemshika mkono, na nilimsikia akimwambia kwamba Krismasi iko palepale.

Siku nne mlango wa kijani haukufunguka. Vijana wa bodaboda waliuliza, mlinzi akasema Kapteni ana homa. Mimi nilikaanga ngege nikiwa na ndoano moyoni. Niliona kwamba nilimwachia aumbuke kwa sababu ya neno moja la benchini, na kwamba nilikuwa nimemrudisha kwenye stoo yake. Niliona aibu, na nilimwambia Mukai hivyo hivyo. Akasema, "Ngoja kwanza. Ako kwa simu."

Siku ya tano jioni Kapteni alikuja, akakaa mahali pake pa siku zote. Alikuwa amempigia karani wa kanisa, karani akampa hoteli, hoteli ikampa mama mmoja anayeuza madafu pale ufukoni, na mama wa madafu akampa namba.

"Anaitwa Kahindi," akaniambia. "Kahindi Charo. Boti aliuza. Sasa ni mlinzi wa shule."

"Umeongea naye?"

"Nimeongea na yeye." Akatazama barabara. "Hanikumbuki. Anasema tulikuwa wengi."

Nikamwekea kipande cha mbuta kwenye karatasi. Alikula chote.

Picha ameitoa kwenye fremu ya dhahabu. Ile kamili ilikuwa bado kwenye simu ya Mukai, akaichapisha upya, pana, kwenye fremu ya mbao: mzee mwenye macho mekundu, samaki wa kilo nne, na mtu mwembamba mwenye kaptura anayetazama pembeni, anaangalia mawimbi, kwa sababu yeye alikuwa kazini.

Hadithi bado anaisimulia. Sasa ndani yake anatapika, anashikwa kiuno, na Kahindi Charo anatajwa mara tatu. Ni hadithi fupi, na vijana wa bodaboda wamemwambia waziwazi kwamba ile ya zamani ilibamba kuliko hii. Siku hizi mtu hununua samaki wake, husikiliza mpaka pale pa kutapika, hucheka, huondoka. Mimi hukaa mpaka mwisho. Mafuta yakipoa, nayapasha tena.